Boliti ya pampu ya maji imekatikia ndani ya bloku: usianze na ekstrakta

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Mtongwe, nina Toyota Fielder ya injini ya 1NZ. Pampu ya maji ilianza kuvuja nikaamua kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Boliti moja ya spana namba 10 ilikataa kufunguka. Nikaipulizia WD-40, nikangoja kama dakika tano, nikavalisha bomba kwenye mkono wa racheti, ikakatika. Pampu imetoka, lakini kipande kimebaki ndani, kimelala sawa na uso wa bloku. Muuza spea amenishauri ninunue seti ya ekstrakta, vile vifaa vya kuingiza kwenye boliti iliyokatika na kuizungusha itoke. Jirani anasema nipake silikoni, nifunge boliti zilizobaki, gari litaenda tu. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Ushauri wa jirani uache kabisa. Wa muuza spea uache kwa sasa, nami nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu injini iliyokuwa nzima.

Ya silikoni ni fupi. Pampu ile inakaa juu ya gasketi, na gasketi huzuia maji ikiwa tu imebanwa sawasawa kuizunguka yote. Boliti moja ikikosekana, ukingo ule huinuka kidogo kila maji yanapopata moto, maana mfumo mzima hufanya kazi kwa shinikizo: kifuniko cha rejeta huachia kwenye bari 1 hivi. Silikoni itashika ukiwa unazunguka Mtongwe. Itaachia siku umekwama kwenye foleni ya feri Likoni, AC imewashwa, jua la saa saba mchana. Silinda hedi ya injini hiyo ni alumini, na joto likipita kiasi hupinda.

Sasa ekstrakta. Kwenye Toyota, boliti ya kichwa cha 10 huwa ni M6 ya hesi za milimita 1, yaani unene wake ni milimita 6, na hesi, ile mistari ya msokoto wake, zimeachana milimita 1. Ili ekstrakta iingie, lazima utoboe katikati tundu la milimita 3 hivi. Boliti nzima ya milimita 6 ilizungushwa ikashindwa kuachia, ikakatika yenyewe. Kifaa chembamba nusu yake kitapata wapi nguvu ya kuizungusha? Tena ekstrakta za bei nafuu, zile zilizochongoka zenye msokoto, hushika kwa kujikita kama kabari. Kadiri unavyozungusha ndivyo zinavyotanua kuta za kipande na kuzidi kukikaza kwenye tundu. Chuma chake ni kigumu sana na hukatika ghafla kama kioo. Ikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haiitoboi. Utabaki kuisaga kwa kichwa cha kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, au kushusha injini uipeleke karakana yenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme.

Kabla ya kuchagua njia, jiulize boliti ilikatika wakati gani. Ikikatika wakati wa kukaza, mara nyingi kipande kilichobaki kiko huru, kwa sababu mvuto wa kichwa ulipotoka hakuna tena kinachokibana. Hicho unakigongagonga ukingoni kwa ncha ya panchi, kinyume cha mwendo wa saa, kinatoka. Yako ilikatika wakati wa kufungua. Maana yake hesi zenyewe zimeshikana na bloku tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna kifaa kitakachokitoa kipande kabla mshikamano huo haujavunjwa.

Kilichoshika si kutu nyekundu uliyoizoea. Bloku ya 1NZ ni alumini, boliti ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, na kati yao pakipita unyevu wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Angalia kwenye tundu za boliti zilizotoka salama: utaona unga mweupe au wa kijivu. Unga huo hujaza nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo hujisindilia ndani ya hesi. Mombasa chumvi hiyo haikosekani. Upepo wa kusi unaileta kutoka baharini miezi mizima, na gari linalovuka kivuko kila siku linaoshwa nayo. Lakini kwa pampu ya maji kuna chumvi nyingine ambayo watu huisahau: maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na pwani yetu vina maji ya magadi au ya chumvi, na mtu akiyajaza kwenye rejeta, boliti huliwa kutokea ndani.

Basi anza na kipimo. Chukua kipande kilichotoka na kichwa chake, ukilaze kando ya boliti pacha iliyotoka nzima, ile ya urefu uleule. Tofauti ya urefu ndiyo urefu wa kipande kilichobaki kwenye bloku. Andika namba hiyo. Itakuambia keekee isipite wapi, kwa sababu nyuma ya tundu hizo kunaweza kuwa na njia ya maji au sehemu ya mafuta ya cheni.

Toa waya wa hasi wa betri. Pandisha gari, liegemee kwenye stendi mbili, usilale chini ya jeki peke yake. Ondoa gurudumu la mbele la kulia na plastiki ya ndani ya madigadi. Kazi yote itafanyika kupitia hapo. Futa maji yaliyobaki, ziba nafasi ya pampu kwa kitambaa safi, kisha piga mswaki wa waya uso wa kipande hadi uone chuma king'aacho.

WD-40 ya kopo la kawaida ni nzuri kwa kufukuza maji, ila si mafuta ya kupenya yenye nguvu, na dakika tano hazitoshi kwa kitu chochote. Tafuta mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kupenya, au changanya mwenyewe asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kioo. Yatikise kila unapotumia, maana hujitenga. Tia matone mawili matatu kuzunguka ukingo wa kipande, kisha kwa panchi bapa na nyundo ndogo ya gramu 200 au 300 gonga kipande katikati mara 20 au 30. Gonga kama unabisha hodi. Unachotaka ni kuupasua unga ule mweupe ili mafuta yapate njia, na nyundo nzito itautanua uso wa kipande na kukifunga zaidi. Rudia baada ya saa mbili, rudia tena usiku, kisha acha hadi asubuhi.

Asubuhi yake tumia joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa kila nyuzi 1 ya joto, kiasi cha 23 katika milioni, dhidi ya 12 za chuma. Ukiongeza nyuzi 100, tundu la milimita 6 linakuwa pana kuliko boliti kwa takriban sehemu 7 za elfu moja za milimita. Ni kidogo mno kuonekana, lakini unga ule ni kama ukoko wa wali, ukishapasuka haurudi kushika vilevile. Pangusa kwanza mafuta yote uliyotia, usubiri asetoni iishe kabisa, kwa sababu hiyo hulipuka moto kwa cheche moja. Kama ulisafisha kwa kopo la kusafishia breki, soma lebo: yale yenye klorini yakipata moto mkali hutoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Kifaa bora ni bunduki ya hewa moto. Tochi ndogo ya gesi inafaa pia, ila uitembeze, uipashe bloku kuzunguka tundu, si kipande chenyewe, na uweke bati mbele ya waya, mikanda na sili ya krenki. Lengo lako ni nyuzi 120 hadi 150. Tone la maji likigusa hapo na kuruka likichemka, umefika. Alumini haikuonyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka: ikiwa tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ya bloku, iliyochanganywa, huanza mapema zaidi, kwa hiyo jicho halitakuonya.

Kukiwa bado kwa moto, gusisha mshumaa ukingoni mwa kipande. Nta ikinyonywa ndani ya hesi badala ya kutiririka chini, ni habari njema. Sasa weka ncha ya tindo ndogo iliyonolewa karibu na ukingo wa kipande, iinamishe ielekee kinyume cha saa, gonga kwa vipigo vifupi. Ukiona hata nywele moja ya mzunguko, tia mafuta, rudisha mbele kidogo, kisha tena nyuma. Dakika kumi zikipita bila dalili, acha. Ukiendelea utakuwa umekichakaza kichwa ambacho fundi wa kuchomelea atakihitaji.

Kwa boliti yako, hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote: kuchomelea nati. Mtafute fundi wa bodi mwenye mashine ya MIG, ile ya kusukuma waya, aje na mashine au umpelekee gari likivutwa. Mashine ya fimbo inaweza, lakini kwa M6 iliyolala sawa na uso inahitaji mkono mtulivu sana. Kabla hajawasha, betri iwe imetolewa, soketi ya alteneta na ya kompyuta ya injini zichomolewe, na klipu ya ethi, ile ya kurudisha umeme kwenye mashine, ishikwe kwenye bloku yenyewe karibu na kazi, isishikwe kwenye bodi, ili umeme usipite kwenye beringi na waya.

Mwambie ajenge kwanza kitone cha chuma katikati ya kipande, juu kidogo ya uso. Kisha aweke washa ya M6, aishikize kwenye kitone kupitia tundu lake, halafu juu yake nati ya M8, aijaze kutoka chini kwenda juu. Nati ya M8 inapendelewa kwa sababu tundu lake ni pana, waya unafika chini hadi kwenye kipande badala ya kuning'inia kwenye kuta za nati. Kama nati imepakwa zinki, isagwe hadi chuma kitupu. Moshi wa zinki unaumiza, na weldi yake huwa na matundu. Usiogope chuma kuganda kwenye bloku: chuma kilichoyeyuka hakishikani na alumini, kinalala juu tu.

Joto la weldi lenyewe ndilo dawa. Kipande kinapata moto mkali, kinataka kutanuka, kinabanwa na bloku, kinasaga unga. Kisha kinapopoa kinasinyaa na kuacha mwanya. Ndiyo maana haifai kuzungusha papo hapo, weldi ikiwa bado nyekundu. Kipe dakika mbili tatu kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji. Halafu chukua spana namba 13 au 12, kulingana na nati, ukaze kwanza kidogo, kisha fungua, kaza, fungua, robo kwa robo, ukitia mafuta. Nati ikikatika, ichomelewe nyingine. Mara tatu au nne ni kawaida, na kila mara kipande kinazidi kulegea. Wengi hukata tamaa baada ya nati ya kwanza, nayo ya tatu ndiyo ingetoa.

Ikishindikana hata hivyo, ndipo tushike drili. Adui wa drili kwenye kazi hii ni nafasi: kati ya bloku na bodi mahali pale pamebana, drili ya kawaida inaingia kwa mshazari, na keekee ikiteleza inakimbilia alumini kwa sababu ni laini kuliko boliti. Tafuta drili yenye kichwa cha pembe. Na pampu ya zamani usiitupe, ndiyo kipimo chako. Ondoa puli yake, mpe fundi wa lathe, mashine ya kuchonga chuma, akuchongee bushi, yaani kijibomba, ya shaba au chuma: nje iingie bila kucheza kwenye tundu la boliti la pampu, ndani iwe na tundu la milimita 3. Funga pampu ya zamani mahali pake kwa boliti nyingine, chomeka bushi, na keekee italazimika kwenda katikati na wima. Bushi hiyo ni kazi ya muda mfupi kwenye lathe, na ndiyo inayotenganisha tundu zuri na bloku iliyoharibika. Kama huwezi kuipata, basi sawazisha uso wa kipande kwa tupa, upige senta panchi, uangalie alama kwa kioo na tochi, na kama imekaa pembeni uisogeze kwa kupiga panchi kwa mshazari kabla ya kutoboa.

Tumia keekee za kobalti, mpya, fupi. Anza na ya milimita 3. Kasi iwe chini ya mizunguko 1,000 kwa dakika, mafuta ya kukatia yawepo muda wote, na usukume kwa uthabiti ili keekee ikate nyuzi za chuma. Ukiilegeza ikawa inasugua tu, uso wa boliti unakuwa mgumu na keekee inaungua ncha. Funga utepe kwenye keekee kwenye ule urefu uliopima. Ukibahatika kupata keekee za kukata upande wa kushoto, zitumie na drili ikizunguka kinyume. Mara nyingi keekee hizo hunasa zikiwa kazini na kukitoa kipande zenyewe. Kisha panda hadi 4, halafu 4.5. Usipite 4.8, kwani kiini cha boliti ya M6 chini ya hesi zake ni kama milimita 4.77, na tundu la kutengenezea hesi hizo kwenye bloku ni 5.0. Ukifika hapo kinabaki ganda jembamba kama koili, unalivuta kwa ncha ya sindano ngumu, kisha unapitisha tepu, kifaa cha kukatia hesi, ya M6 kwa hesi za 1.0, mbele nusu mzunguko, nyuma robo, ikiwa imepakwa grisi ili inase vumbi la chuma.

Wakati wote wa kutoboa tazama kinachotoka. Chuma hutoa nyuzi za kijivu zenye moto. Zikianza kutoka nyeupe, laini, na keekee ikazama ghafla bila nguvu, umeingia kwenye alumini. Simama hapo hapo.

Ekstrakta nayo ina mahali pake, ila si hapa: ni kwa boliti nene, M10 na kuendelea, iliyokwisha kulegezwa kwa joto, na iwe ya mifereji iliyonyooka, si ya kuchongoka. Kwa M6 iliyonaswa na chumvi, sahau.

Kama tundu limekwenda upande au hesi za bloku zimetoka pamoja na kipande, bado hujaharibu kila kitu. Seti ya Helicoil ya M6, koili za kuweka hesi mpya kwenye tundu lililoharibika, huja na tepu yake maalumu; tundu hutobolewa kwa keekee ya milimita 6.3 au ile iliyoandikwa kwenye seti, hukatwa hesi, kisha koili ya chuma kisichoshika kutu huzungushwa ndani hadi izame robo hadi nusu ya hesi chini ya uso. Chukua ya urefu wa milimita 9. Ule ulimi wa chini uvunje na uutoe kwa sumaku au ncha ya waya yenye grisi, usiuache udondoke ndani. Hesi za koili hiyo kwenye alumini huwa imara kuliko za awali. Gundi za epoksi za kujazia hazifai kushika boliti ya pampu.

Wakati wa kufunga, badilisha boliti zote, si ile moja, kwa sababu zilizobaki zimekaa kwenye chumvi ileile. Chukua za daraja la nguvu la 8.8, namba iliyoandikwa kichwani, au za Toyota. Utashawishika kununua za chuma kisichoshika kutu kutoka maduka ya vifaa vya mashua. Usinunue, maana ndani ya alumini zinaifanya alumini iliwe kwa kasi zaidi. Kausha tundu kwa hewa, kwani mafuta au maji yakibaki chini ya tundu lisilopenya, boliti ikishuka inayashindilia na inaweza kupasua bloku. Paka hesi mafuta ya kuzuia kunasa, kiasi kidogo tu, na kama tundu linafika kwenye njia ya maji, tumia gundi ya kuziba hesi badala yake. Kaza kwa mzunguko wa kupishana hadi Nm 11 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza; zikiwa na mafuta ya kuzuia kunasa, shuka hadi 9. Mkono wa bomba haugusi boliti ya M6, wakati wa kufungua wala wa kufunga.

Jaza kulanti, kimiminika cha kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa, au ya kuchanganya kwa maji yaliyochujwa chumvi, kamwe si ya kisima. Washa injini kifuniko kikiwa wazi hadi thamosteti ifunguke na povu liishe, funga, iache ipoe kabisa, ongeza kilichopungua. Weka kartoni safi chini ya pampu usiku kucha. Asubuhi ikiwa kavu, endesha kilomita chache, kisha ukague tena kwa tochi ukingo wa gasketi pale ilipokuwa boliti iliyokatika, kabla hujarudisha plastiki ya madigadi.